Fumua Kwanza

Shemeji yangu alirudisha kompyuta asubuhi, akaiweka juu ya meza ya kukatia vitambaa na kupangusa mikono kama daktari aliyetoka kupasua.

"Mfumo nimeutengeneza, shemeji. Inawaka kama mpya."

Kuwaka iliwaka. Programu ya kudarizi, ile inayoielekeza cherehani ipitishe uzi wapi, ndiyo ilikataa kufunguka. Sweta za timu ya shule zilikuwa zimekunjwa kwenye kona, vifua vitupu, na timu ilikuwa inaondoka alasiri kwenda fainali. Mwalimu wa michezo alishaniambia wazi: nembo zikichelewa, kazi zote za shule anazipeleka duka la ng'ambo ya barabara.

"Iweke upya," nikamwambia.

Akaanza kuisakinisha. Ujumbe ukatokea kwenye skrini: programu hii tayari ipo, iondoe kwanza. Akaenda kuiondoa. Ujumbe mwingine: programu haipo.

"Ipo au haipo?"

"Inategemea unaiuliza nini."

"Basi ni kama kaka yako. Chakula kikiwa mezani yupo, vyombo vya kuosha hayupo."

Mama mkwe, aliyekuwa akishona vifungo dirishani, akacheka mpaka akajichoma sindano. "Mimi nilikukabidhi akiwa anaosha," akasema. "Kaharibikia kwako."

Shemeji akazima, akawasha, akajaribu tena. Majibu yaleyale. Akasema labda tufute kila kitu tuanze upya, maana yake kazi ya kutwa. Nikavuta kiti.

Nina stashahada ya ushonaji, si ya kompyuta. Ila nembo ikiharibika hushoni juu yake, unafumua. Na unafumulia upande wa nyuma, kwa sababu mbele panaweza kuonekana pasafi wakati nyuma kumejaa nyuzi.

"Nyuma ya kitu hiki ni wapi?"

"Nyuma?"

"Kule isikotuonyesha."

Akaivuta kompyuta karibu. "Kuna folda zilizofichwa."

"Zifichue."

Ikaonekana folda ya programu ya zamani, nusu imebaki, nusu imeliwa. Tulipotaka kuifuta ikagoma, ikadai inatumika. Shemeji akachimba zaidi, akakuta kipande chake kimoja bado kinafanya kazi chinichini. Akakizima. Folda ikafutika.

"Sasa mbona hukuitoa hii wakati unatengeneza?"

"Si ulinitisha! Ulisema nikigusa kitu chako nisikanyage tena jikoni kwako."

"Nilisema nembo zangu."

"Ulisema chochote. Mama ni shahidi."

"Ulisema," mama mkwe akajibu bila kuinua kichwa.

Tukawasha upya, tukasakinisha. Mstari wa kijani ukatambaa, ukasimama katikati, nami nikasimama nao. Kisha ukafika mwisho. Nikafungua programu: nembo zangu zote zimo, hata moja haikupungua. Nilipiga kigelegele mpaka fundi viatu wa jirani akachungulia.

Cherehani ikanguruma, sweta moja baada ya nyingine. Mwalimu wa michezo alipoingia, nilikuwa nakata uzi wa sweta ya mwisho.

"Nilipita na kule ng'ambo kwanza," akasema, "kwa tahadhari."

"Wakakuambiaje?"

"Kesho."

"Basi kesho wapelekee salamu zangu." Nikampakatisha sweta zake, akatoka anakimbia.

Shemeji akakohoa. "Kwa hiyo jikoni naruhusiwa?"

"Sana. Vyombo viko kwenye sinki. Na kaka yako mfumue kwenye kochi lake, uende naye."