Sumaku ya Mama Kasuku

Kazini kwetu kuna saa isiyosema ni saa ngapi. Ina mshale mmoja tu, na mshale huo huzunguka pale tunapotaka kuunganisha mtambo mmoja wa umeme na mingine ambayo tayari inafanya kazi. Ukizunguka mbio, ujue mtambo mpya haujapatana na wenzake. Basi unaupunguza mwendo, unauongeza kidogo, unaubembeleza, mpaka mshale uanze kupanda polepole kama bibi kwenye ngazi. Ukikaribia kufika juu, kabla haujafika, unafunga swichi. Ukikosea, mtambo unashtuka, jengo zima linatikisika, na mkuu wa zamu anakuja huku akiuliza ni nani huyo. Kifaa cha kuifanya kazi hiyo bila mtu kiliharibika zamani, na kila tukiuliza tunaambiwa mwakani. Kwa hiyo tunatumia mkono, na mkono wenyewe ni wangu. Mwenzangu wa zamu, tunayemwita Kobe kwa sababu hata akiitwa kula haharakishi, huniachia kiti bila ubishi.

"Mama Kasuku," huniambia, "wewe una mkono wa kulaza watoto."

Zamani nilikuwa nikiyapenda maneno hayo.

Kasuku ni binti yangu, wa pekee. Jina hilo tulimbandika sisi wenyewe, maana alisema kabla hajatembea na hakunyamaza tena. Alikuwa akisoma maandishi ya kwenye makopo kwa sauti. Alimwigiza baba yake, ambaye ni fundi cherehani, akibishana na wateja waliokuja kuchukua nguo kabla hazijakatwa. Jioni alisimama juu ya stuli na mwiko mkononi akatusomea taarifa ya habari ya mtaa: nani kagombana na nani, mbuzi wa nani kala mboga za nani. Kisha akiwa darasa la sita, alianguka mbele ya ubao katikati ya sentensi. Kifafa. Nakitaja waziwazi kwa kuwa nimechoshwa na watu wanaokinong'ona kana kwamba kiko mlangoni kinawasikiliza.

Dawa za kwanza hazikumfaa. Za pili zilimfanya asinzie hadi kwenye sahani. Za tatu zilimsaidia nusu, na nusu si kitu mtoto akiwa karibu na jiko. Mwisho tukafika kwa daktari wa ubongo, mwanamke mpole asiyependa kuahidi. Nilimuuliza kama kichwa cha mwanangu kimevurugika.

"Kinyume chake, mama," akasema. "Ubongo wenye afya ni kama soko. Huyu anauza, huyu anagomba, yule anamwita mwanawe. Ukisikiliza kwa mbali ni kelele tu, lakini kazi inakwenda. Kifafa ni pale soko zima linapoacha shughuli zake na kuanza kupiga makofi kwa mdundo mmoja. Pa, pa, pa. Hapo hakuna anayeuza wala anayenunua."

Nilikasirika, na sikujua nimkasirikie nani. Mimi nimekula mshahara miaka yote kwa kufanya vitu viende pamoja. Leo naambiwa kwamba ndani ya kichwa cha mtoto wangu, kwenda pamoja ndio ugonjwa. Mganga hajigangi, walisema wahenga, lakini hawakusema kwamba dawa yake inaweza kugeuka kuwa maradhi ya mwanawe.

Daktari akapendekeza kifaa. Ni kidogo, kinakaa chini ya ngozi ya kifua, na waya wake unapanda hadi kwenye mshipa wa fahamu wa shingoni. Kila baada ya muda kinatuma umeme mdogo kwenda juu, kuwavuruga wapiga makofi kabla hawajapatana. Na familia hupewa sumaku. Ukiona dalili zinaanza, unaipitisha juu ya kifua, na kifaa kinatuma umeme wa ziada.

"Huenda ukakatiza," daktari alisema. "Nasema huenda."

Mimi nilisikia "utakatiza" tu. Umeme mdogo, kwa wakati wake. Hiyo ilikuwa lugha yangu. Kwa mara ya kwanza tangu mtoto aanguke, mtu alikuwa amenipa kitu cha kufanya.

Kifaa kikawekwa, na kweli, kuanguka kukapungua. Lakini kila kilipofanya kazi, sauti ya Kasuku ilikwaruza. Angeanza sentensi akiwa msichana, angeimaliza akiwa mzee mvuta tumbaku. Mwanzoni alicheka sana, akawa anampigia shangazi yake simu na kujifanya mwenye nyumba. Kisha kicheko kikaisha. Akawa anajibu kwa kichwa. Nyumba yetu, iliyokuwa haijui ukimya, ikawa unasikia cherehani tu.

"Tumetoa sauti, tumepata uzima," baba yake aliniambia siku moja. "Si haba."

"Si haba," nikamwitikia.

Sumaku ilikaa mfukoni mwangu, na kuitumia kukawa kazi yangu. Nilijifunza dalili zake. Vidole vya mkono wa kushoto huanza kusugua nguo, macho yanakimbilia dirishani, kisha analamba midomo. Hapo sikurupuki. Nasubiri kidogo, kama ninavyousubiri mshale, halafu naipitisha sumaku mara moja, taratibu. Na anatulia. Baba yake alipojaribu, aliipitisha kama mtu anayefuta vumbi kwenye kabati. Nikamnyang'anya.

"Wewe shona," nikamwambia. "Hili niachie mimi."

Miaka ikapita. Basi asubuhi moja nikiwa jikoni nikasikia taarifa ya habari ya mtaa. Nilidhani ni redio ya jirani. Nikatoka na unga mikononi, nikamkuta Kasuku kwenye kiti cha uani, mtu mzima sasa, gazeti kubwa mbele yake, anasoma kwa sauti ile ile ya zamani. Haikukwaruza. Nilisubiri ikwaruze, na haikukwaruza hata alipofika mwisho wa ukurasa.

"Sauti yako imerudi!" nikapiga kelele. "Mwanangu, mwili umekizoea kifaa! Baba Kasuku, njoo usikie!"

Alinitazama kidogo, akafungua mdomo, akaufunga. Kisha akacheka, nami nikamkumbatia nikamjaza unga mgongoni. Sikuwahi kuwa na furaha kama ya siku ile, na nitasema hivyo hadi kesho, licha ya yote yaliyofuata.

Haukupita muda mrefu akaenda kwenye kituo kidogo cha redio cha mjini, akasomeshwa kurasa mbili, akachukuliwa. Msoma habari! Baba yake akamshonea gauni la kazini lenye kola ya kupendeza. Nilimwambia msoma habari wa redio haonekani, akasema kola inasikika. Majirani walikuwa wakifungua madirisha ili redio zao zisikike hadi kwetu.

Kuanguka kuliongezeka kidogo, hilo niliona. Nikasema ni uchovu wa kazi mpya. Mara moja alikawia sana kutulia, nikajilaumu kwamba nilichelewa na sumaku, nikaapa kuwa makini zaidi. Kliniki nako, chombo cha kukisoma kile kifaa kilikuwa kibovu, tukaambiwa tungoje tutaitwa. Tulipoitwa, nilikwenda nikiwa na majibu yangu tayari, kama mwanafunzi aliyesoma.

Daktari aliweka chombo juu ya kifua cha Kasuku, akatazama kioo. Akakisogeza, akatazama tena.

"Betri imekwisha," akasema. "Na si jana wala juzi. Hiki kifaa kimezimika muda mrefu."

"Haiwezekani," nikasema. "Juzi tu ameshikwa mezani. Nimemtuliza mwenyewe, kwa mkono huu."

"Mama, mara nyingi kifafa hutulia chenyewe."

"Nimekwambia nilipitisha sumaku akatulia!"

"Ulipitisha sumaku," akasema kwa upole, na upole ule ndio ulionimaliza, "halafu akatulia."

Kasuku alikuwa akitazama sakafu. Hakushangaa. Hapo nikajua kwamba katika chumba kile mimi peke yangu ndiye niliyekuwa napokea habari.

Tukatoka hadi kwenye benchi la nje. Nikamgeukia.

"Ulijua?"

"Nilijua, mama. Kikifanya kazi nakisikia kooni. Kikaacha."

"Tangu lini?"

"Tangu siku uliyotoka jikoni na unga."

Nikaona uso wake wa siku ile, mdomo uliofunguka ukafungwa. "Na ukaniacha? Kila siku naruka na sumaku kama chizi, na wewe umeniacha tu?"

Alishika mkono wangu, ule wa kazi. "Zamani nilikuwa nikizinduka nakukuta unalia," akasema. "Ulipopata sumaku, nikawa nazinduka nakukuta umetulia. Unaniambia, tumeiweza. Nilipenda kuzinduka hivyo."

Kwa mkono mwingine nikaigusa sumaku mfukoni.

Daktari alikuwa amekwisha kueleza: upasuaji mdogo, betri mpya, na mambo yatarudi kama mwanzo. Yote, pamoja na mkwaruzo. Ataanguka mara chache zaidi. Hakuahidi kwamba hataanguka. Kasuku alikuwa amejibu hapo hapo kwamba hataki.

"Redio ni nini?" nikamwuliza pale benchini, na watu wakageuka. "Redio ni nini mbele ya uhai wako? Uanguke barabarani uniambie nini?"

"Mama, nilikaa kimya miaka mingapi? Nilikuwa naanguka mara chache, sawa. Lakini nilikuwa siko."

"Ulikuwa uko! Nilikuwa nakuona!"

"Ulikuwa unaniona," akasema.

Nyumbani nikamfuata baba yake kwenye cherehani anisaidie. Alikanyaga hadi mwisho wa mshono ndipo akainua kichwa. "Ameshakuwa mtu mzima, mama Kasuku," akasema. Nikamwuliza mtu mzima huyo akianguka ataokotwa na kola? Baadaye nilimwona akifuta macho kwa kipande cha bitana, nikajuta. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na nyumba ile ilikuwa na wazazi wawili.

Sumaku sikuitupa. Nilishindwa. Ilibaki mfukoni kama ufunguo wa nyumba iliyokwisha kubomolewa.

Sasa kila mchana, saa ya habari, Kobe anaweka redio juu ya kabati la chumba chetu cha mitambo. Jana tuliletewa agizo la kuunganisha mtambo wa tatu wakati habari zimeanza. Nikakaa kitini. Mshale ulikuwa unakimbia, nikaubembeleza, ukaanza kupanda. Nyuma yangu Kasuku alikuwa akisoma, sauti safi kabisa, kila neno mahali pake.

"Wakulima wa pamba wametakiwa kupeleka mazao yao kabla ya..."

Akanyamaza.

Watu wengine wangedhani ni karatasi imepotea. Mimi naujua ukimya ule. Niliujua mbele ya ubao wa darasa la sita, ingawa sikuwepo. Mshale ukafika juu, ukapita, ukaanza kuzunguka upya.

"Mama Kasuku, mshale," Kobe akasema.

Sikuwa kitini tena. Nilikuwa mbele ya kabati, sumaku mkononi, naipitisha mbele ya redio. Mara moja, taratibu. Kisha mara ya pili. Kisha sikuhesabu. Redio ilikuwa kimya, halafu mtu akaweka wimbo.

Kobe, kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, alikwenda mbio. Aliketi mahali pangu, akaudaka ule mtambo. Nilisikia swichi ikifunga na jengo likatikisika kidogo, maana mkono wake si mzuri. Wimbo ukaisha. Ukaanza mwingine, ukakatwa katikati.

"Tunaomba radhi, wasikilizaji," akasema Kasuku. Sauti ilikuwa nzito kidogo kwa usingizi, lakini yake. "Kabla ya mwisho wa mwezi. Wakulima wa pamba wametakiwa kupeleka mazao yao kabla ya mwisho wa mwezi."

Niliitazama sumaku mkononi mwangu.

"Imefanya kazi," nikamwambia Kobe.

Kobe anajua habari yote, nilimsimulia mwenyewe. Hakugeuka. Aliendelea kutazama saa isiyosema ni saa ngapi.

"Ndiyo, Mama Kasuku," akasema. "Imefanya kazi."