Ada ya Wakili wa Kufilisika

Jumatano, tarehe kumi na mbili Machi. Asubuhi kulikuwa na manyunyu ya kichokozi, yale yasiyotosha kufungulia mwavuli lakini yanakulowesha mpaka soksi.

Nilipiga magoti kando ya cherehani yangu, nikamweleza Mungu hali ilivyo, ingawa daftari langu la madeni analiona. Mimi hushona sare za shule. Nilikopa kununua vitambaa, shule ikachelewa kunilipa, nikakopa kwa wa pili kumlipa wa kwanza, na hivyo hivyo mpaka wadai wakafika kumi na mmoja. Huyo wa kumi na mmoja, tunayemwita Msumari, alikuwa ameapa kuibeba cherehani Ijumaa. Bila cherehani, mimi ni mwanamke mwenye tepu shingoni tu. Nikaomba: Bwana, nipe wakili. Kosa langu, sikutaja wa aina gani.

Wakili wa kwanza niliyemwendea alinisikiliza kwa huruma, kisha akaniuliza mume nimemvumilia miaka mingapi. Alikuwa wakili wa talaka. Nikamwambia mume hayumo kwenye orodha, ila asante kwa wazo. Wa pili alishughulika na mashamba na hakuinua hata macho, lakini karani wake alinielekeza jengo la jirani, juu ya duka la vioo, kwa wakili wa waliofilisika. Akanionya kwamba huyo hafungui jalada bila ada. Nilicheka peke yangu ngazini. Mtu anakwenda kuthibitisha kwamba hana kitu, halafu mlangoni anatozwa kiingilio.

Nikafanya ninachokijua. Nilikwenda kwa wifi yangu, dada wa mume wangu, mweka hazina wa kikundi chetu cha maombi, nikamwambia jino linaniua. Akanipa bahasha ya kikundi, akaniwekea mkono shavuni na kuniombea. Nikaitikia amina kwa upande mmoja wa mdomo.

Kiti cha wageni kwa wakili kilikuwa na mguu mfupi uliotegemezwa kwa kitabu cha sheria. Alisoma orodha yangu, niliyoiandika kila mdai na mstari wake, kama tunavyofundishwa kwenye darasa la jioni la hesabu za biashara. Akasema jalada likiingia mahakamani kesho, Msumari hataruhusiwa kubeba kitu kwa mabavu, na cherehani, kwa kuwa ndiyo kitendea kazi changu, ataiombea ibaki. Nilitaka kuimba. Nikaweka bahasha mezani.

Juu yake wifi alikuwa ameandika: Mfuko wa Wagonjwa.

"Hii umeitoa wapi, mama?" wakili akauliza.

"Nimeazima asubuhi hii."

"Umeazima ukijua huwezi kulipa, ili uje uape kwamba huwezi kulipa?"

Kweli, ukilisema hivyo linasikika vibaya. Alinieleza kwamba jaji akiliona deni la leo atalitupa jalada lote, na cherehani itaondoka na Msumari. Akaisukuma bahasha kwa ncha ya kalamu kana kwamba ina upele. Hanichukui, akasema, mpaka fedha zirudi kwa mwenyewe mbele ya macho yake.

Nikampigia wifi. Alikuja akihema, na kichupa cha mafuta ya karafuu mkononi. Nilimkabidhi bahasha na kumwambia ukweli wote. Alinitazama meno kwa muda.

"Kumbe nimefunga tangu asubuhi kwa ajili ya jino zima," akasema.

Lakini hakuondoka. Aliketi. Wakili akafungua kabati, akatoa joho lake lililochanika kwapani, akasema wenzake wanne nao wana majoho ya hivyo hivyo. Nikiyashona yote, ada yake imekwisha. Ila kwanza nitoe ahadi kuhusu kukopa, wifi na dada wa mapokezi, aliyemwita aingie, wasikie.

Nikafumba macho kama ninavyosali. Wifi akaniambia niyafumbue, Mungu ameshazoea, sasa niwatazame wao.

Nikawatazama. "Kuanzia leo sikopi kwa mtu ili nimlipe mtu," nikasema. "Nikiwa sina, nitasema sina."