Damu Iliyopiga Hodi Maabara

Saa moja kasoro robo asubuhi mpimaji alijitoa damu mkono wa kushoto, akajaza kichupa kimoja, akatia tone kwenye mashine na kukisimamisha kichupa mezani. Ndivyo maabara ilivyofunguliwa kila Jumatatu: mashine ilijaribiwa kwa damu ya mfanyakazi mwenye afya njema, na mfumo haukupokea mgonjwa yeyote kabla damu hiyo haijaandikwa "kawaida".

Haikupita dakika, kichupa kikaanza kugonga, polepole, kama mtu anayegonga mlango kwa kidole kimoja.

Hakushtuka. Kwa miaka mitatu alikuwa ameorodhesha vichupa kumi na kimoja vilivyogonga. Wenye damu hiyo hawakuwa na dalili yoyote. Tisa kati yao waliletwa baadaye wamepasukiwa na mshipa kichwani. Maelezo yake yalikuwa mafupi: mshipa wa ubongo ukivimba kama kipovu, ukuta wake hudondosha chembe ndani ya damu, na chembe hizo hugonga.

Mkuu wa maabara aliingia na kikombe cha chai, akatega sikio.

"Nani huyo anapiga hodi?"

"Ni kichupa changu, mama."

"Wee! Pole, baba." Akakalia stuli. "Wa kumi na mbili."

"Niandikie picha ya kichwa."

"Kichwa kinakuuma?"

"Hapana."

"Umezimia? Umeanguka?"

"Wala."

"Sasa nijaze nini? Fomu ina maumivu, kuzimia na ajali. Kugonga hakumo. Nimeomba mara mbili dalili hiyo iongezwe, wamenijibu watu kumi na mmoja ni wachache."

"Nikisema kinauma?"

"Utapanga foleni ya miezi saba na wanaoumwa kweli. Na mwenye afya njema hivyo, watakupitisha wa mwisho."

Mashine ilimaliza kusoma. Kila kiwango kilikuwa sawasawa. Mkuu alikuwa na kisukari, damu yake haikuruhusiwa, na zamu ilikuwa ya watu wawili tu. Nje, watu arobaini walisubiri bila kutia kitu tumboni.

"Kizungushie pamba," mkuu alisema. "Kitawatia hofu bure."

Alikizungushia pamba. Akabonyeza "kawaida", akatia saini, akafungua dirisha la kupokelea wagonjwa.

Wa kwanza alikuwa bibi mmoja mwembamba. Alikaa, akageuza shingo huku na huku.

"Mjukuu wangu, nani anagonga?"

"Ni mimi, bibi. Nyoosha mkono."