Jumamosi za Bungoma

Zuena Abdi aliajiriwa na shirika moja la maji mjini Kitale mwaka wa 1996, kazi yake kupiga taipu. Miaka saba baadaye alikuwa afisa msaidizi wa mradi, na mradi wenyewe ulikuwa mmoja tu: kuteremsha maji kwa bomba kutoka chemchemi za Mlima Elgon hadi vijiji vya nje ya mji mdogo wa Kwanza, kilomita kumi na tisa. Kila shamba ambalo mtaro ulipita alilijua kwa jina la mwenyewe. Mzee Ngige, aliyekataa katakata mahindi yake yakanyagwe, alimwendea mara nne. Mara ya nne alimkuta mke wa mzee akipukuchua mahindi, naye akaketi kumsaidia hadi alasiri bila kutaja bomba. Mzee mwenyewe ndiye aliyelitaja.

Wenzake ofisini walisema mradi ni wa Zuena. Kwenye barua ulikuwa wa Bwana Munene, meneja, mtu mpole aliyependa kukaa ofisini na kuandika ripoti nzuri. Munene alipopata kazi Nairobi mwaka wa 2003, Zuena aliomba nafasi yake. Aliandika barua ile mara tatu, akaipeleka kwa mkono wake mwenyewe.

Mkurugenzi alimwita akamweleza kwa upole. Alimwambia hakuna mtu aliyeujua mradi ule kumshinda. Lakini wafadhili walitaka meneja aliyesomea usimamizi wa miradi, na yeye Zuena alikuwa na cheti cha sekondari na kile cha taipu. Kisha akamwomba ampokee meneja mpya na kumfundisha kazi.

Zuena alisema sawa. Alirudi mezani kwake akaendelea kupanga zamu za wachimbaji, na hakuna aliyejua kwamba alikuwa ameshafikiria ataweka wapi meza yake katika chumba cha meneja, kile cha kona, ili mlima uonekane asubuhi.

Meneja mpya, Gikonyo, aliyetoka Nairobi, alikuwa na miaka ishirini na saba. Zuena alijiandaa kumchukia, akashindwa. Kijana aliuliza maswali bila aibu, akaandika majibu kwenye daftari, na wageni walipokuja hakujifanya kwamba majibu yalikuwa yake. Siku moja, wakirudi kutoka msituni, alimwambia:

"Mama Fardosa, kila kitu nilichosomea miaka minne wewe unakifanya. Hujui tu majina yake. Kuna diploma Bungoma, inasomeshwa Jumamosi. Si uende ukachukue hayo majina?"

Usiku ule alimweleza mumewe, Naim. Naim aliuza mitumba, na Jumamosi ndiyo siku aliyopanda kwenda Suam, mpakani, ambako wateja wake wa Uganda walimngojea. Binti yao, Fardosa, alikuwa na miaka tisa, na mdogo wake alikuwa bado ananyonya. Naim alikunja shati moja mara mbili.

"Wewe enda," alisema mwishowe. "Suam nitapanda Jumatano."

Wateja wa Jumatano walikuwa nusu ya wale wa Jumamosi. Wote wawili walilijua hilo, na hawakulizungumzia tena.

Kwa hiyo kwa miaka miwili, kuanzia Januari 2004, Zuena alishinda Jumamosi zake Bungoma, katika darasa la kukodi juu ya duka la mbolea. Walikuwa wanafunzi kumi na wanne. Kweli alipata majina. Ile tabia yake ya kuuliza mvua ikinyesha mapema tutafanyaje, kumbe ilikuwa na sura nzima kitabuni. Kule kupukuchua mahindi na mke wa Ngige pia kulikuwa na jina, ingawa jina lenyewe lilikuwa kavu na halikuwa na mahindi ndani yake.

Mwalimu wao alikuwa Mzee Wabwile, aliyesimamia ujenzi wa barabara na madaraja kwa miaka thelathini kabla ya kustaafu. Alisema "mladi" badala ya "mradi", na baada ya mwezi mmoja Zuena hakulisikia neno lile kwa namna nyingine. Muhula wa pili alimtaka kila mmoja asimame aeleze mradi ulioharibika mikononi mwake. Alikataza mradi wa jirani au wa kitabuni.

Zuena alieleza habari ya mabomba ya mwaka wa 2001. Shirika lilikuwa limeagiza mabomba ya plastiki kabla ya kupata kibali cha kupitisha bomba msituni. Kibali kilichelewa miezi minane, mabomba yakalala juani muda wote huo, na walipoanza kuyafukia yalikuwa yamekauka, yanapasuka yakiguswa na koleo. Wanavijiji waliokuwa wamechimba mtaro kwa mikono yao waliutazama ukijaa magugu. Ndiyo sababu mradi wa miaka mitatu ulikuwa haujaisha hata sasa.

"Nani aliagiza?" Wabwile aliuliza.

"Meneja."

"Na wewe ulijua kibali hakijatoka?"

"Barua ya kuagiza niliipiga taipu mimi. Nilijua."

"Ukasema nini?"

"Sikusema kitu. Nilikuwa msaidizi."

Wabwile hakumkemea. Alivua miwani, akaipangusa kwa tai yake. "Basi mladi ulianguka hapo," alisema. "Si juani. Ulianguka siku ile ulinyamaza. Diploma nitakupa, lakini hiyo ya kusema, utajipatia mwenyewe."

Zuena aliketi, uso ukimwaka. Alikuwa amedhani miaka yote kwamba alichokosa ni karatasi.

Mapema mwaka wa 2006, diploma ikiwa mkononi, alipata kazi aliyoitamani. Shirika la kanisa lenye ofisi Bungoma lilitafuta meneja wa mradi wa kujenga wodi ya akina mama, ya ghorofa moja, kwenye zahanati ndogo karibu na Lugulu. Walimhoji asubuhi, jioni wakampigia simu. Gikonyo alimfanyia sherehe ya soda na keki, akasema mbele ya watu kwamba Kwanza itamlilia. Zuena alitabasamu. Moyoni alihisi kama mtu anayehama nyumba huku ugali ukiwa bado jikoni. Zilibaki kilomita mbili tu za bomba, na tangi.

Alipanga chumba Bungoma, akawa anarudi Kitale Jumamosi jioni. Mlangoni mwa ofisi yake paliandikwa Meneja wa Mradi. Wiki ya kwanza aliyasoma maneno hayo kila alipoingia. Baadaye alizoea, na mahali pa furaha ile pakaingia kitu kingine. Alikuwa akiamka asubuhi, kabla hajajua yuko wapi, akijiuliza kama wachimbaji wamefika kwenye kile kilima cha mawe. Alitamani baridi ya msitu wa Elgon. Aliwatamani wanawe waliolala kilomita nyingi kutoka alipo, na sauti ya adhana ya msikiti wa nyumbani, ambayo ilimfikia kupitia dirisha la jikoni tangu aolewe. Fardosa alianza kuongea naye kwenye simu kwa sauti ya heshima, kama mgeni.

Novemba Gikonyo alimpigia. Maji yangefunguliwa Jumamosi, saa nne asubuhi. Kiti cha Zuena kilikuwa mbele.

Jumamosi hiyohiyo ndiyo siku ambayo mkandarasi wa Lugulu alipanga kumwaga zege ya sakafu ya juu. Zuena angeweza kumwachia msaidizi wake, Jelimo, binti mwerevu wa miaka ishirini na minne. Lakini Alhamisi alipanda ngazi na kupima vyuma vya kuimarisha zege kwa utepe wake, akakuta vimeachana kuliko mchoro ulivyosema. Jelimo, aliyesimama nyuma yake, alisema kwa sauti ndogo kwamba alikuwa ameona. Zuena alimgeukia.

"Basi kesho utamwambia mkandarasi wewe. Mimi nitasimama kando yako."

Mkandarasi aliposikia alicheka, akasema ati amejenga hospitali kabla Jelimo hajazaliwa. Jelimo alirudia vipimo vilevile. Zuena aliongeza sentensi moja tu: bila vyuma hivyo kuongezwa, zege haimwagwi. Mafundi wakafanya kazi Ijumaa nzima. Alijua kwamba akienda Kwanza, vyuma vya kona ya mwisho, visivyoonekana kutoka chini, havitawekwa.

Jumamosi saa nne alikuwa juu ya ghorofa, amepiga magoti kwenye mbao, akihesabu vyuma. Mashine ya kuchanganya zege ilinguruma mpaka saa kumi na moja. Simu yake ililia mara tatu mfukoni, asisikie.

Kesho yake alimwomba Naim wapande pamoja hadi Kwanza. Kwenye kituo cha maji cha kwanza palikuwa na wanawake kama ishirini na ndoo zao, na maji yalitoka kwa nguvu. Zuena alisimama akayatazama. Miaka kumi alikuwa ameyaona kwenye michoro tu. Alitaka kuweka mkono chini ya bomba, akasogea, na mwanamke mmoja kijana mwenye mtoto mgongoni akamzuia.

"Mama, kuna laini."

Aliomba radhi, akaenda nyuma ya foleni. Naim alitaka kumwambia yule mwanamke jambo, Zuena akamshika mkono wa shati. Foleni iliposogea yule mwanamke alimsimulia, kwa ukarimu wa mtu anayemweleza mgeni, kwamba maji haya yaliletwa na kijana mmoja wa Nairobi, mzuri sana, jana alihutubia. Zuena alisema amesikia habari zake.

Zamu yake ilipofika hakuwa na ndoo. Alikinga viganja, akanywa. Yalikuwa baridi kuliko alivyotarajia. Akiinama aliona maji yaliyomwagika yameanza kufanya dimbwi upande wa njia.

"Waambie kamati wachimbe mfereji hapa, mpaka kwenye ile migomba," alimwambia yule mwanamke. "Wiki hii, kabla watoto hawajaanza kucheza ndani."

"Kwani wewe ni nani?"

"Ni meneja wa mradi."

"Mradi huu?"

Zuena alipangusa mikono kwenye leso yake. Naim alikuwa anamwangalia.

"Hapana," alisema. "Wa Lugulu."

Walirudi Kitale wakala chakula cha mchana na watoto. Saa tisa akafunga begi lake, kwa sababu Jumatatu asubuhi mbao za upande wa magharibi zilipaswa kukaguliwa, na Fardosa akamsindikiza mpaka barabarani, akiwa ameubeba mkoba wa mama yake kifuani kwa mikono miwili.