Cherehani Ndani, Fundi Nje

Hivi wewe umewahi kumfundisha mtu mzima kushona, yeye yuko ndani na cherehani, wewe uko nje ya dirisha na barakoa usoni? Basi yalimkuta hayo fundi cherehani mmoja, na mwanafunzi wake alikuwa mume wake mwenyewe, dereva wa malori ya safari ndefu.

Ulikuwa mwaka ule wa ugonjwa. Shule zilikuwa zimefungwa, na sare alizokwisha kuzishona fundi zimelala kabatini, hazina wa kuzivaa. Mlangoni pa kila duka paliwekwa ndoo ya maji yenye bomba, na kipande cha sabuni ndani ya soksi iliyofungwa kwa kamba kisije kikatembea. Watu walisalimiana kwa viwiko wakikumbuka. Wasipokumbuka walipeana mikono, halafu wakatazamana kama wamekamatwa wanaiba. Marehemu walizikwa na watu wachache, wa kuhesabika. Harusi zikaahirishwa. Na akina mama waliokuwa wakija kupimwa magauni wakakata mguu, maana nani atakubali kuzungushiwa futi kiunoni na mtu anayepumulia shingoni mwake?

Ndipo mume akarudi safari. Mhudumu wa afya wa mtaa, dada mwenye sauti ya upole na amri za kijeshi, akasema dereva kapita mipakani, akae peke yake wiki mbili. Chumba chenye mlango wake wa nje kilikuwa kimoja tu, cha kushonea. Dereva akaingia na begi lake, mlango ukafungwa, kila mtu akashusha pumzi. Kesho yake mwenye duka la jumla akapiga simu kuagiza barakoa za kitambaa, tena nyingi, tena za haraka. Hapo fundi akajishika kichwa. Cherehani ilikuwa humo humo ndani!

Na haikuwa ya kubeba. Ilikuwa ya miguu, ya chuma tupu, na kichwa chake kilishashikana na meza kwa kutu. Iliingizwa kabla seremala hajaweka fremu ya mlango. Seremala hakukumbuka kupima, wenye nyumba nao hawakukumbuka kumwambia, na tangu siku hiyo ikawa haina njia ya kutoka.

"Si ashone yeye?" alisema mama mkwe, ambaye muda wote alikuwa kwenye kigoda chake uani akichambua mchele. "Mikono anayo, miguu anayo, na hana pa kwenda."

"Mama, huyu mwanao? Hata kifungo kikimdondoka anafunga kwa pini."

"Lori zima analimudu, hicho kigurudumu kimoja kimshinde?"

Mhudumu wa afya alipoulizwa alisema barakoa zikitoka zichemshwe, zianikwe juani, zipigwe pasi ya moto. Fundi hakutaka kuficha, akampigia mwenye duka akamweleza ukweli wote. Mwenye duka akacheka mpaka akakohoa, akaomba radhi kwa kukohoa, kisha akasema, "Chemsha mara mbili, mama. Ya pili kwa ajili ya roho yangu."

Basi masomo yakaanza. Fundi alikata vitambaa uani, akavipitisha kwenye nondo za dirisha kwa mti wa kuanikia nguo, akasogea nyuma, akaanza kuelekeza. Dereva alikalia kile kiti kidogo magoti yakamfika kidevuni. Alikanyaga pedeli kana kwamba anapandisha mlima na shehena ya saruji. Sindano ya kwanza ikavunjika kabla hata uzi haujashika.

"Punguza mwendo!" fundi alipiga kelele. "Unakimbilia wapi?"

"Haina breki hii!"

"Breki ni mkono wako wa kulia. Shika gurudumu. Polepole, hivyo hivyo. Usivute kitambaa, kiongoze tu."

"Ningejua unaongoza vitu kwa upole hivi ningekupa usukani zamani," alisema dereva, na mama mkwe akacheka mchele ukamwagika.

Siku ya tatu au ya nne akapata mkono. Akashona asubuhi nzima kimya, kisha akatoa fungu zima dirishani kwa mti ule ule, uso unamng'aa. Mshono ulinyooka vizuri. Ila barakoa hushonwa ndani nje, unaacha upenyo kidogo upande mmoja wa kugeuzia. Dereva alikuwa amefunga pande zote, za kila barakoa, kwa bidii na mshono wa kurudia.

Fundi alizigeuzageuza. "Mume wangu, hii inageuzwaje?"

"Kwani inageuzwa?" aliuliza dereva.

Walikaa kufumua mpaka jua likasogea, yeye ndani na wembe, mkewe nje na wembe, dirisha katikati. Kufumua hakutaki akili nyingi, kwa hiyo walizungumza. Dereva alimweleza jinsi mipakani malori yalivyopangana, madereva wanalala chini ya magari, hakuna anayewauzia hata chai kwa hofu. Alimweleza kuhusu mwenzake aliyepelekwa hospitali akiwa anatembea na hakurudi. Katika ndoa yao yote fundi hakuwahi kukaa na mume huyu mchana mzima wakifanya kazi moja.

Na hapo ndipo lile jambo lake lilipoamka. Fundi alitaka mumewe aache barabara. Alilitaka tangu watoto wao, ambao sasa wana nyumba zao, walipokuwa wakimkimbia baba yao kila arudipo kwa kutomzoea. Mara moja, enzi hizo, alianza kulisema. Dereva akacheka tu, "Barabara ndiyo inatulisha, mke wangu," na fundi akameza maneno. Badala yake akawa hodari wa kumfungia begi: mashati chini, taulo juu, sabuni kwenye mfuko wake isilowanishe.

Wiki mbili zikaisha. Mhudumu wa afya akaja, akampima joto, akamruhusu. Mwenye duka alikuwa ameshaleta oda nyingine. Lakini jioni ile ile tajiri wa lori akapiga simu: kuna shehena ya sabuni, iondoke kesho asubuhi.

Dereva alibaki ameshika simu. "Fundi, unasemaje?"

"Mimi niseme nini? Kazi ni yako," alijibu, na kuanza kuulizia uzi mweupe umewekwa wapi.

Dereva alisubiri kidogo, kisha akaenda kuoga.

"Hilo ni jibu la karani," mama mkwe alimwambia fundi wakiwa jikoni. "Mtu amekuuliza, wewe unamgongea mhuri."

"Si umwambie wewe, mama? Ni mwanao."

"Nikimzuia mimi ataona nadeka uzeeni. Maneno hayo yana mwenyewe, na mwenyewe anasugua sufuria iliyokwisha kutakata."

Asubuhi fundi alifunga begi. Mashati, taulo, sabuni. Safari hii akaongeza barakoa, zile zilizonyooka zaidi. Kisha akakaa kwenye cherehani ili miguu ipate kazi. Mama mkwe alishaagwa, akabaki kwenye kigoda chake bila mchele wala chochote mkononi. Dereva akasimama mlangoni, begi begani.

"Haya, Fundi. Nikifika nitapiga."

"Haya. Safari njema."

Akatoka. Fundi alikanyaga pedeli, na mshono ukapinda, ukatoka nje ya kitambaa kabisa, sindano ikawa inatoboa hewa. Akashika gurudumu likasimama. Viatu vya mumewe vilikuwa vinasaga kokoto, vinakaribia geti.

Alitoka peku, futi bado inaning'inia shingoni.

"Dereva!"

Akageuka. "Nimesahau kitu?"

"Hujasahau kitu." Alipiga moyo konde. "Sitaki uende. Nimetaka ubaki tangu nywele zetu zikiwa nyeusi, mimi nikawa nakufungia begi tu. Na usidhani ni kwa sababu ya ugonjwa. Hata ugonjwa ukiisha, nataka ubaki hapa nyumbani na mimi."