Bega la Mwalimu Hosea

Sisi kwaya ya usharika wa Makorora hatusomi nota, na mtu asinicheke. Tunasoma mkono wa mwalimu wetu, Hosea. Mkono wa kulia ukipita kichwa, tunapaza sauti mpaka kuku wa jirani watoke bandani. Ukibaki kifuani, tunaimba kama tunabembeleza mtoto. Wa kushoto ni wa kunyamazisha. Ndivyo alivyotufunza tangu mimi Jenifa sijaolewa.

Basi mwaka jana bega lake la kulia lilisagika, akaenda Dar wakamtilia la chuma. Akarudi anacheka. Miezi ikapita, mkono badala ya kulegea ukakaza. Picha ikaonyesha mfupa mpya umeota ndani ya nyama, pembeni mwa lile bega, wala hakuna aliyeualika. Daktari akasema huwatokea baadhi ya wagonjwa. Usubiriwe ukomae, ndipo wafikirie kuukata. Nilikasirika mie! Wengine magoti yanalia mifupa imekwisha, mwenzetu anaota wa ziada, tena begani.

Mkono ukawa hauvuki kifua, na kwaya nzima ikawa inaimba kwa kunong'ona. Mtasema, si angetuambia tu kwa mdomo? Alituambia. Tukaitikia ndiyo mwalimu, kisha tukautazama mkono. Alipojaribu wa kushoto, tukanyamaza kimya. Mazoea yana taabu.

Wazee wa kanisa wakaamua: tukishindwa mashindano ya Raskazone, kwaya anapewa msaidizi wake, Godlisten. Godlisten akaenda kushona suti. Nilimwona Mwalimu Hosea akijifuta macho akisingizia jasho. Roho iliniuma, jamani.

Siku ikafika. Ubeti wa kwanza tunabembeleza, wa pili vilevile, watu wakaanza kupiga miayo. Kwenye kiitikio mwalimu akauma meno. Alipoona mkono haupandi, akaanza kulala yeye, kinyumenyume, taratibu. Kadiri mgongo ulivyolala ndivyo mkono ulivyopanda. Ukapita kichwa. Tukalipuka! Sauti ya nne, ile nzito, ilitikisa madirisha, nami nikawa naimba huku nalia.

Sasa mwalimu akawa anaanguka kweli. Godlisten, aliyekaa kiti cha mbele cha watazamaji, nyuma ya mwalimu, akisubiri tushindwe, aliruka na suti yake akamdaka mgongoni. Akamnong'oneza kwamba atamsimamisha, watu wanatazama.

“Usiniinue,” Mwalimu Hosea akamwambia. “Bado beti mbili.”