Sebule ya Kuazima

"Doa hili ni la soda, na nyumbani kwangu hatunywi soda!"

Mama Naseeb alikuwa amesimama katikati ya barabara, mkono mmoja kiunoni, mwingine umening'iniza mto wa kochi kama kuku aliyekufa kwa mdondo.

"Mama Naseeb, mto huo una doa tangu Idi," nikamwambia. "Mwanao alimwagia mchuzi wa pilau. Nilikuwepo, na pilau yenyewe niliila."

"Uliila! Da Beti, kuna nyumba gani Majengo hii hujala?"

"Hakuna. Na yako ndiyo inayozidi chumvi."

Watu wakacheka. Ijumaa mchana, barabara imejaa, kila mtu ana la kuongeza. Mmoja akasema doa ni la chai, mwingine akasema kochi likishatoka nje mara tatu kwa mwezi lisilalamike. Mama Naseeb akamgeukia jirani yetu Theopista, aliyekuwa amechutama mlangoni kwake anasugua sufuria.

"Mama Hana, sema wewe. Nimekupa makochi yangu mazima, seti nzima, jana Alhamisi. Wageni wako wamenywea nini?"

Theopista aliweka sufuria chini. Hana, binti yake wa miaka kumi na moja, alitoka ndani ameshika simu ya mama yake kwa mikono miwili.

"Mama, shule wamejibu."

Barabara nzima ikamgeukia. Hata Mama Naseeb alishusha mto. Hakuna aliyekuwa hajui jibu gani linasubiriwa. Ile shule ya kimataifa ya njia ya uwanja wa ndege, inayofundisha kwa mtaala wa Kiingereza, wenyewe tunaiita Intanasheno. Wanasoma watoto wa wazungu wa migodi na wa kambi za mbugani, na watoto wa wakubwa wetu wa hapa mjini. Kila mwaka wanachukua mtoto mmoja wa mjini asiye na uwezo, wanamsomesha bure mpaka mwisho. Mwaka huu watoto arobaini walifanya mtihani, na wa kwanza alikuwa Hana, mtoto wa mama anayefua nguo za watu na baba anayechunga ng'ombe wa watu kule kijijini Sibwesa. Kilikuwa kimebaki kitu kimoja tu, kutembelewa nyumbani.

"Soma," nikamwambia. "Soma, mwanangu, tupige vigelegele."

Hana alisoma kimyakimya kwanza. Nikaona midomo yake imeacha kucheza.

"Wanashukuru tulivyowapokea. Wanasema wamefurahi kuona familia yetu ina uwezo mzuri." Akasogeza ujumbe kwa kidole. "Wanasema nafasi ni ya mtoto ambaye kwao hawawezi. Kwa hiyo Jumatatu wanamwita anayenifuata."

"Uwezo gani?" Theopista akauliza. Alikuwa bado ameshika stiliwaya. "Mimi? Uwezo gani?"

"Wameandika hapa. Friji. Televisheni kubwa. Makochi seti moja. Na gari."

Mto ukamtoka Mama Naseeb mkononi, ukaanguka kwenye vumbi, na hakuna aliyeuokota.

Mimi nikarudi nyuma ya watu. Kwa sababu, ndugu zangu, sebule ile niliipanga mimi.

Theopista alinijia Jumanne akanong'ona, "Da Beti, wanakuja kuangalia nyumba. Nitawakalisha wapi?" Nyumba yake ni chumba kimoja na kibaraza, stuli moja, mkeka, ndoo. Nikamwambia lala usingizi, mdogo wangu, una watu. Huku kwetu mgeni wa mmoja ni mgeni wa mtaa. Akija mshenga kwa fulani, makochi ya Mama Naseeb yanatoka. Ukija ujumbe wa mahari, vyombo vya udongo vinatoka kwangu, na pazia zinatoka popote zilipo. Hakuna binti aliyeolewa mtaa huu wakwe zake wakakalia ndoo. Na sisi tuliichukua shule hivyohivyo, kama watu wa posa. Tulijua wanakuja kupima kama mtoto anatoka kwenye watu, kama anafaa kuingia kwao.

Basi nikabeba. Makochi kwa Mama Naseeb, friji kutoka duka la vinywaji la pale kona, televisheni ya inchi hamsini ya mume wa Mama Naseeb, Rehani. Gari lake pia nikamwambia aliegeshe mlangoni, uso uangalie barabarani. Mzungu aliyekuja, Madam Aurélie, mwanamke mfupi aliyejifunzia Kiswahili Kigoma, alikaa kwenye kochi akaandika, akaandika. Akauliza, "Na gari ni la hapa?"

Nikamjibu mimi, kabla Theopista hajafungua mdomo: "La hapahapa, Madam."

Sasa Theopista aliinuka mlangoni, akaniangalia. Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

"Twende," akasema.

Tukapanda bodaboda moja, tumebanana kama mishikaki, mimi nyuma. Getini tukamtaja Madam Aurélie, tukapelekwa ofisini, nyasi za kijani kila upande kama si kiangazi. Nilieleza mimi. Nilieleza yote, kochi kwa kochi, mpaka waya wa televisheni ambao haukuchomekwa popote kwa sababu kwa Theopista hakuna umeme.

Madam Aurélie alivua miwani. Uso ulikuwa umemwiva.

"Mliazima nyumba nzima? Kwa nini?"

"Kwa sababu ulikuwa unakuja," nikasema.

"Lakini nilikuja kuona shida yenu!"

"Madam, nani anamwonesha mgeni shida? Shida anaoneshwa mganga."

Hakucheka. Alitoa karatasi kwenye droo, akaigeuza kwetu ingawa alijua hatuisomi. "Hapa panasema, familia ikitoa maelezo ya uongo, mtoto hataomba tena. Si mwaka huu tu. Kabisa."

Nilidhani nimesikia vibaya. Tulikuja kuzima moto, kumbe tumebeba petroli.

Theopista akasogea mbele ya meza.

"Basi nifungie mimi," akasema. "Mtoto hakubeba kochi. Jana alikuwa shuleni kwake, akarudi akakuta nyumba siyo yetu. Aliniuliza, mama, tumehama? Nikamwambia nyamaza."

Madam alirudisha karatasi kwenye droo.

"Nitajuaje ukweli ni upi?" akauliza. Sauti ilikuwa imeshuka. "Jana mlikuwa na vitu vya jirani. Leo naweza kukuta vitu vyenu vimefichwa kwa jirani."

"Twende sasa hivi," nikasema. "Sasa hivi, Madam. Na viatu vyako hivyohivyo."

Alichukua funguo. Tukiwa ndani ya gari lake nikampigia Mama Naseeb, nikamwambia tu, "Mwambie Hana asitoke, tunakuja na Madam." Salio likakata. Hilo ndilo nililofanya, na wallahi sikufanya lingine.

Tulipokata kona ya mtaa wetu, Madam alifunga breki mpaka nikagonga kiti cha mbele.

Rehani alikuwa anavuka barabara na kochi la watu watatu kichwani. Nyuma yake friji imelazwa kwenye mkokoteni, vijana wawili wanasukuma, jasho linawatoka. Mama Naseeb anaongoza msafara, pazia begani, mito miwili kwapani, doa limegeuziwa ndani. Na mbele yao, mikono imetandazwa mlangoni, amesimama Hana analia.

"Mama Naseeb, rudisheni! Hivyo ndivyo vilivyoniponza!"

"Toka hapo, mtoto! Madam yuko njiani, atakaa wapi? Kwenye ndoo? Utuaibishe mtaa mzima?"

"Akae kwenye ndoo!"

"Haa! Mmemsikia? Mzungu akae kwenye ndoo!"

Nilitamani ardhi ipasuke. Theopista alifunika uso kwa khanga. Madam Aurélie alishuka garini polepole, mlango akauacha wazi, akasimama katikati ya barabara mdomo wazi kama mtu aliyeona ng'ombe anapanda ngazi.

Mama Naseeb akamwona. Mto mmoja ukadondoka.

"Karibu, Madam," akasema. "Tulikuwa... tunafanya usafi."

"Haya makochi ni ya nani?"

Mtaa mzima ukaangalia chini.

"Yangu," Mama Naseeb akasema. Sauti ilikuwa ndogo, sijawahi kumsikia nayo.

"Na gari la jana?"

"Langu, Madam," Rehani akajibu kutoka chini ya kochi. "Naomba nilitue hili, shingo inakatika."

Madam alimpita Hana, akaingia ndani. Hapakuwa na cha kumficha wala cha kumwonesha. Mkeka, ndoo, stuli, kitanda nyuma ya shuka iliyoning'inizwa, na madaftari ya Hana yamepangwa kwenye boksi la biskuti, na kibatari juu yake. Alikaa humo mpaka tukaanza kuangaliana. Alipotoka macho yalikuwa mekundu.

"Mlikuwa mnarudisha vitu vyote humu," akasema, "wakati mnajua vimemnyima nafasi."

"Tulijua," Mama Naseeb akasema. "Lakini ulikuwa unakuja."

Theopista, ambaye amri ya nyumba yake ilikuwa imemrudia, alikuwa ameshafunua sufuria kwenye jiko. Hana alikuwa amesonga ugali na kuunga samaki, migebuka, kwa nyanya, kabla vurugu haijaanza.

"Madam, karibu chakula," Theopista akasema.

"Asante. Siruhusiwi." Alitikisa kichwa. "Siwezi kula kwa familia inayoomba nafasi. Ni kanuni."

Minong'ono ikapita kama upepo kwenye mahindi. Mgeni kakataa chakula! Kwetu hapo ndipo maneno huishia, hakuna cha kuzungumza tena. Nilimwona Theopista ameshika kifuniko, hajui akirudishe au akiache hewani.

Madam akasogea pembeni, akatoa simu. Akaongea Kiingereza na mkuu wake wa shule, haraka, mkono unaonesha friji, unaonesha Rehani, unaonesha mlango. Hatukuelewa kitu. Sote tukamgeukia Hana, kwa kuwa yeye peke yake alikuwa anaelewa. Mara mtoto akakaa kitako kwenye kochi, katikati ya barabara, akajifunika uso kwa mikono yote miwili.

"Mungu wangu," Mama Naseeb akasema. "Tumemuua."

Mimi nilishika kichwa. Rehani akavua kofia, kama yuko msibani.

Madam akakata simu, akaitumbukiza kwenye mkoba.

"Jumatatu saa mbili asubuhi," akasema, "aje apimwe sare."

Hakuna aliyepiga kigelegele. Niamini, Majengo hii ya kelele, hakuna hata kikohozi. Hana alitoa mikono usoni, akamwangalia mama yake, akatingisha kichwa kwamba ndiyo, mama, ndivyo alivyosema.

Theopista aliweka kifuniko chini. Akachukua jagi la maji na beseni, akatembea mpaka alipo Madam Aurélie, akapiga goti.

"Sasa mtoto haombi tena," akasema. "Nawa mikono, mama yangu. Ingia ndani, tukale."